Ndoo Niliyoiosha Mno

Baada ya vita vya pili nilitoka kwetu Kanduyi nikaajiriwa Kitale, kwenye hospitali ndogo, kuangalia mashimo ya maji taka. Kazi hiyo kila mtu aliicheka. Ndiyo maana nikawa mtu wa usafi kupita kiasi: mikono, jembe, ndoo, vyote niliviosha kwa dawa kali ya sakafu.

Maji ya shimo la mwisho yaliingia kijitoni, na huko chini akina mama waliyateka. Watoto wao walikuwa wakihara damu. Daktari wetu, Mhindi mpole, jambo hilo lilimkosesha usingizi. Alinionyesha kisahani cha kioo kilichotandwa na bakteria wa ugonjwa ule, na katikati yake vitundu safi. Hapo, alisema, virusi vimewala bakteria. Na vilitoka humo humo kwenye maji taka yangu! Akavizalisha kwenye chupa, nami kila asubuhi nikavimimina ndooni, nikachanganya na maji, nikatia shimoni vikawale bakteria kabla maji hayajafika kijitoni.

Agizo lilikuwa moja: ndoo ioshwe kwa maji moto peke yake. Nikaona huyu msomi hajui uchafu ninaoujua mimi. Kitu kilichotoka shimoni nikitie kwenye ndoo isiyo na dawa? Nikaisugua kwa dawa yangu kila siku, tena sikuisuuza, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Ilifanya kazi kweli. Iliviua virusi vyake vyote kabla havijafika shimoni.

Wiki baada ya wiki alipima maji, akakuta bakteria wale wale. Alikonda, maskini. Mwishowe akaniita.

"Wewe natia kitu ingine kwa ndoo?"

Nilielewa papo hapo. Niliwaza kufukuzwa, nirudi nyumbani nichekwe mara ya pili.

"Hapana, bwana daktari. Maji moto tu."

Akaniamini. Aliandika kwamba dawa yake ya virusi haifai, akamwaga chupa zote. Mvua za mwaka ule walizikwa watoto wawili kule kijitoni. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma, sikuweza kuwatazama mama zao. Mpaka leo najichukia kwa hilo.

Daktari alipohamishwa aliniachia barua ya sifa. Kwa barua hiyo nilipata kazi Bungoma, nikajenga, nikasomesha wanangu. Ilisema mimi ni mtu mwaminifu, ninayefuata maagizo.