Mahari Yako Iko

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka, hata mahali ninapoweka miwani yangu. Nilikuwa mlangoni pangu nikichambua maharagwe kwenye ungo, nikasikia trekta inazima barabarani na mtu anabisha hodi kwa sauti ya adabu. Nikafurahi. Laiti ningejua, ningefunga mlango.

Ilikuwa enzi ile ya miwa. Wewe hukuiona. Kila mtu alikuwa amepanda miwa mpaka ukutani. Ukitoka jikoni, majani yanakukwaruza uso. Matrela yalipita kutwa kwenda kiwandani, watoto wakikimbia nyuma kuchomoa mua mmoja mmoja, na majivu ya mashamba yaliyochomwa yakitua juu ya nguo uliyoianika sasa hivi. Tulilalamika, lakini kwa kicheko, maana majivu yale ndiyo yaliyojenga nyumba za mabati.

Mimi nilikuwa nimeolewa upande wa kiwandani, mbali na kwetu Malava. Nilikuwa bibi arusi wa juzi tu. Na majuma machache kabla ya siku hiyo, mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika.

Hilo nalisema wazi, mwanangu, kwa sababu zamani hatukulisema. Nilinyamaza. Mume wangu, maskini, akawa anakata kuni nyingi kuliko tulizohitaji. Nilichotaka ni kitu kimoja tu. Nilimtaka mama yangu.

Lakini mama hakuweza kuja. Kwetu, mama hafiki hovyo kwa mkwe wake, seuze kulala humo. Heshima kati ya wale wawili ni nzito, na ilikuwa nzito zaidi kwa sababu mume wangu hakuwa amemaliza kupeleka ng'ombe wa mahari. Nami sikuweza kuondoka tu, nikafunga safari bila kuitwa, watu wakasema nimeachika. Basi nikawa nangoja neno kutoka nyumbani. Nilijua habari zangu zimemfikia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nikawa najiambia, atanitumia neno tu.

Aliyebisha hodi siku hiyo ndiye aliyelileta neno lenyewe. Alikuwa Bwana Athumani, dereva wa trekta, mtu wa Mombasa aliyefuata kazi ya miwa mpaka huku kwetu. Alikuwa akibeba miwa ya baba yangu kule Malava, na mama akampa uji akamwagiza. Lugha yetu hakuijua hata salamu, kwa hiyo mama alimwagiza kwa Kiswahili. Na Bwana Athumani alikuwa mtu wa kuheshimu maneno. Alivua kofia, akasimama wima.

"Mama yako akusalimu sana, bibi. Asema, usihuzunike. Na asema, mahari yako bado ipo. Kanisisitizia nisisahau."

Nikamwambia asante. Mjumbe hauawi. Alipoondoka niliinuka na ule ungo, maharagwe yote yakamwagika, na sikuokota hata moja.

Mahari! Nimepoteza mtoto, na mama yangu ananikumbusha ng'ombe! Nililia mpaka nikaona haya mbele ya kuku. Kisha machozi yakakauka, kikabaki kile kitu kingine ambacho ni kibaya kuliko machozi. Mume wangu aliporudi akauliza trekta ilileta nini, nikamwambia salamu tu. Ningemwambiaje? Alikuwa na aibu ya kutosha kuhusu wale ng'ombe.

Tangu siku hiyo nilimfungia mama yangu mlango moyoni. Akituma njugu, nazipokea bila kurudisha neno. Akiniuliza kwa watu wa sokoni, nasema mwambieni nipo. Nipo! Hilo ndilo jibu nililompa aliyenizaa. Msimu wa kukata miwa ukaisha, ukaja wa kupalilia, na kila njugu niliyotafuna niliiona ni ukumbusho wa deni. Moyo ukishachukia, mwanangu, hata zawadi unaitafutia kosa.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu. Watu husema mama mkwe ni mwiba. Wangu alikuwa mwiba kweli, lakini wa kutolea mwiba mwingine. Alikuwa bibi mkavu wa maneno, anayependa kutafuna mua ingawa meno yalishampa kwaheri. Siku moja mama yangu alikuwa ametuma kuku, na mimi nikasema kuku huyo achinjwe aliwe na wengine, mimi sitaki. Bibi akatema makapi.

"Kwani mama yako amekukosea nini? Hata jina lake hutajangi."

Nikamwambia yote. Ndiyo mara ya kwanza nililisema lile neno kwa mdomo wangu, na likaniuma upya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo maneno, ulimsikia yeye akisema?"

"Hapana, mama. Dereva alisema."

"Basi wewe umekosana na dereva. Na mama yako bado hujakosana naye." Akamenya kipande kingine cha mua, bila haraka. "Enda kwenu ukakosane naye vizuri, mkiangaliana. Mimi mwenyewe nitamwambia mwanangu kwamba nimekutuma. Na huyo kuku utamkuta akiwa hai."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimeyanoa, mwanangu, yakakata pande zote mbili. Nilifika kwetu mchana jua likiwa kali, na mama nikamkuta nyuma ya nyumba akichuma mboga ya mrenda. Aliponiona, mkono ukamwachia, majani yakaanguka. Hakunikimbilia. Mimi pia sikumkimbilia. Tukaamkuana kama watu waliokutana kituoni.

"Umekonda, Nekesa," akasema.

"Nimekuja mikono mitupu, mama," nikasema. "Mahari sina."

Akanitazama. "Mahari gani?"

"Ile uliyomtuma dereva aniambie. Nilikuwa bado natokwa na damu, mama, na wewe ukanitumia habari ya ng'ombe."

Mama akayakanyaga yale majani akinisogelea. Mpaka hapo tulikuwa tunaongea lugha yetu, na katika lugha yetu neno lile alilolituma na lile nililolipokea hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo hakunielewa, wala mimi sikumwelewa. Nikamwambia, basi rudia, lile neno ulilomwambia dereva, kwa Kiswahili, vilevile ulivyolisema.

Akanishika mkono, akanivuta mpaka ndani. Baba alikuwa amejaza nyumba mifuko ya mbolea ya miwa, imepangwa toka mlangoni mpaka karibu na dari, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Ila kona moja. Kona niliyokuwa nalala nikiwa msichana ilikuwa wazi, imefagiliwa, mkeka umetandikwa, na lile blanketi langu la mistari limekunjwa juu yake. Mama akaielekezea kidevu.

"Nilimwambia hivi," akasema. "Mwambie Nekesa, mahari yake bado iko. Si hii hapa? Mahari yako. Baba yako alitaka kuweka mbolea, nikakataa. Nikamwambia, hapo ni mahari ya mtoto wangu, siku akichoka atakujanga arare."

Mahali, mwanangu. Alisema mahali.

Unajua sisi watu wa huku, l na r kwetu ni mapacha, humwiti mmoja, mwingine asije. Ningemsikia mama mwenyewe ningeelewa kabla hajafunga mdomo, maana hata mimi ndivyo nisemavyo. Ila Bwana Athumani alisikia mahari, na kwao mahari ni mahari, akalibeba neno kwa uangalifu njia nzima, hata akalinyoosha kidogo, akanikabidhi kisu akidhani ni ua.

Nilianguka juu ya ule mkeka. Mama akakaa chini kando yangu, akaweka kichwa changu mapajani pake, mimi mke wa mtu, na tukamlilia yule mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemlilia nami. Baadaye ndipo kicheko kilipotujia, tukacheka mpaka baba akachungulia kuona kama tuna wazimu. "Kila trela likipita," mama akaniambia akifuta macho, "nilitoka nje nione kama umeketi pale mbele. Nikasema, basi, ameolewa akanisahau." Naye alikuwa ameumia vilevile, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze. Nililala pale kona yangu mchana kweupe, na sijawahi kulala usingizi kama ule tena.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana ndiyo sababu ya kukukalisha hapa kabla hujaondoka. Neno la mama yako likikuuma, usilitafune peke yako. Lirudishe kwake, mwambie nimesikia hivi, je, ndivyo ulivyosema? Kuuliza si ujinga. Na usidhani siku hizi mmepona kwa kuwa hakuna trekta katikati yenu. Simu nayo ni dereva tu. Mama anakuandikia "sawa" moja kavu, wewe unasema amekasirika, kumbe macho hayaoni herufi na kidole kimechoka. Piga, umsikie sauti. Bora zaidi, panda gari uende, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na siku nawe ukiwa mama, binti akishakuwa mtu mzima usimwogope, wala usingoje aanze yeye. Mimi na mama yangu tulipoteza karibu mwaka mzima kwa kungojana, na leo amelala chini ya udongo wa Malava, nami ningelipa chochote nipate hata wiki moja ya mwaka ule.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe watoto watakaokuita mama bila woga, akupe mama mkwe mwenye ulimi mkavu na moyo laini, akuzibe masikio kwa neno la kuvunja na akuzibue kwa neno la kujenga. Na dunia ikikuchosha huko, usibishe hodi, ingia tu. Kona nimeifagia. Mahari yako iko.