Mkwaruzo wa Kwanza wa Mahfoudh

Miaka ishirini na miwili Mahfoudh bin Suud aliendesha magari ya ubalozi bila kutia mkwaruzo hata mmoja, na kila mwaka alipewa cheti cha shukurani. Vyeti vyote vimetundikwa majlisi, nyumbani kwake Al Khoudh, na mgeni hamiminiwi kahawa mpaka avisome. Mkewe, Nasriya, husema laiti angeolewa na dereva mzembe, angepata pa kutundika saa.

Kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kumwendesha balozi katika nchi ambayo sitaitaja, maana wenyewe bado wanauana kwa kutokubaliana ni ya nani. Siku wapiganaji walipoanza kuwawinda mabalozi, Mahfoudh alimpakia balozi wake garini kumkimbizia bandarini. Mbele, kando ya dereva, alikaa Fulgence, mpishi wa balozi, mtu wa Bukoba, kapakata sufuria ya wali kwa kuwa ulikuwa bado haujaliwa. Kwenye njia panda wakamiminiwa risasi. Mahfoudh akawasha kwanza taa ya kuashiria, ndipo akakata kushoto.

"Mzee, unamwashiria nani?" Fulgence akauliza huku anacheka. Hakusema neno jingine tena.

Redio ilitangaza, tena kweli tupu, kwamba hakuna mwanadiplomasia aliyedhurika. Mpishi si mwanadiplomasia. Gari, kwa kuwa ni mali ya ubalozi, lilipata nafasi melini kurudishwa nyumbani, na karatasi tatu zenye mihuri. Fulgence alizikwa huko huko, haraka haraka, bila ya karatasi hata moja. Dada yake, Anjelina, anafanya kazi za nyumbani mtaa wa pili kutoka kwa Mahfoudh, na kila alipomwona alimuuliza kama karatasi ya kifo imetoka. Alitaka karatasi moja tu ya kumpelekea mama yao, iliyoandikwa jina la Fulgence na kwamba amekufa.

Gari likapelekwa Ghala, mtaa wa magereji, kwa fundi Ghaith. Ghaith akahesabu matundu thelathini na moja, akafuta mikono.

"Ami, bila ya waraka wa ajali mie sigusi bodi, wallahi. Watanifungia karakana."

Mahfoudh akaenda kuuomba kwenye kampuni ya bima. Kwenye kaunta alimkuta Shahad, binti mpole, aliyemwinukia kama baba yake.

"Vita humu kwenye kompyuta hamna, ami. Ipo ajali, na ipo mvua ya mawe."

"Nani kakwambia kulinyesha?"

"Nnakusaidia, ami. Ajali lazima iwe na mwenye kosa. Yule aliyepiga risasi akatoroka hatuna jina lake wala leseni yake, basi kosa litakubakia wewe. Na rikodi yako nnaiona hapa, mashallah, haina doa. Tuandike mvua ya mawe."

Tusimsingizie utakatifu: Mahfoudh aliipenda rikodi ile kuliko meno yake, na kalamu alikwisha kuishika. Ila aliuliza, kwa adabu tu.

"Kwenye mvua ya mawe, aliyekufa anaandikwa wapi?"

Shahad akashusha ukurasa mpaka chini, akaupandisha tena.

"Hamna pahala. Kwenye ajali ndio papo."

Hapo Mahfoudh akalia, mtu mzima na ndevu zake, na waliokuwa kwenye foleni wakadhani analilia gari.

"Basi, khalas," akasema. "Niandike mie."

Alasiri ile ile alimpelekea Anjelina karatasi yenye muhuri. Anjelina aliifuata kwa kidole: abiria aliyefariki, Fulgence, mpishi. Akaibusu. Kisha kidole kikateremka mstari wa chini, kikasimama.

"Mzee Mahfoudh, hapa wameandika wewe ndiye mwenye kosa. Wewe ndiye uliyemuua."

"Naam, mwanangu. Walikuwa hawana mwengine wa kumwandika."

Anjelina alijua habari yote, mpaka ile taa ya kuashiria. Akaikunja karatasi mara nne.

"Mama hajui kusoma," akasema. "Nitamwambia padri amsomee, aishie kwenye jina."