Kuni Tatu za Mzee Safari

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokaribia kuuaibisha ukoo mzima huku nina kalamu nyekundu mkononi na tabasamu usoni. Nimeikumbuka jana uliporudi kutoka kiwanda cha alizeti umenuna, ukisema ule mfumo wako wa kompyuta wa kupanga kazi umeganda: kukamua kunasubiri ghala lithibitishe, ghala nalo linasubiri kukamua kuanze, na kwenye skrini kila kitu ni kijani. Ulinishangaa nilipocheka. Sasa kunywa chai yako nikueleze nilichokuwa nacheka.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anaoa. Mimi ndiyo kwanza nimetoka chuo cha uhazili, napiga chapa bila kuangalia vidole, basi kamati ya harusi ikanifanya katibu. Kichwa kikavimba. Nikachukua karatasi ya manila, nikaandika kila kazi, jina la mtu na saa yake. Kuni, saa mbili. Ndafu ianze kuchomwa, saa tatu. Nikaibandika ukutani kwetu Nangara, na kila aliyepita nikamvuta aje kuiona, hata asiyejua kusoma.

Ndafu unaijua: mbuzi mzima anachomwa polepole kwa saa nyingi, anasimamishwa mbele ya wakwe na majani mdomoni, na kipande cha kwanza wanakula wao. Wakwe zetu walikuwa wanashuka kutoka Mbulu, watu wa heshima zao. Kuwapokea bila ndafu ingekuwa sawa na kuwaambia wamchukue binti yao warudi naye.

Saa tatu na nusu nikapita na kalamu yangu. Mzee Safari, mchomaji, alikuwa ameketi uani na kikombe cha chai.

"Shikamoo mzee. Kazi inaendaje?"

"Marahaba, binti. Hakuna shida kabisa."

Nikaweka tiki. Barabarani trekta lilikuwa limeegeshwa, tela limejaa kuni, na kijana aliyeliendesha kutoka Nakwa amekaa juu yake, naye na chai. Ni nani, nitakwambia mwishoni, usiwe na haraka. Nikamuuliza naye, akasema hakuna shida, dada. Tiki nyingine. Nikarudi kuiangalia karatasi yangu ilivyopendeza.

Saa nne na nusu Mama Paskali, mpishi mkuu, akaniita kwa ile sauti yake iliyosikika mpaka kwa jirani wa tatu. "Moshi wa ndafu uko wapi?"

Nikamwonyesha karatasi. Hata hakuitazama. Alinishika mkono akanipeleka kwa Mzee Safari, akamuuliza, "Mzee, unamsubiri nani?" Swali hilo, mwanangu, sikuwa nimemuuliza mtu yeyote tangu asubuhi. Mzee akasema anasubiri azione kuni, kwani hawezi kuchagua mahali pa moto kabla hajajua ni magogo au ni fito. Tukaenda kwenye trekta. Kijana akasema anasubiri mzee amwonyeshe pa kushusha, maana mtu hamwagi mzigo kwenye uwanja wa watu kama kwake. Saa nzima na zaidi wamekaa, kila mmoja na adabu zake zote, wanaheshimiana! Na wakwe walikuwa wameshaingia kanisani.

Mama Paskali alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanigeukia, na hapo hakucheka.

"Binti, umeandika nani na saa ngapi. Nani anamsubiri nani hukuandika. Na hizo tiki umeziweka kwa kusikia tu, moshi hukuuona."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye alishamgeukia kijana. "Toa kuni tatu tu, mpelekee mzee azione."

Kuni tatu. Mzee akazishika, akazipindua, akaonyesha kona ya uwanja karibu na migomba. Tela likaingia, moto ukawaka. Mama Paskali akatuma neno kanisani kwamba kwaya isikimbilie kumaliza, na kwaya ikafurahi kuliko maharusi. Wakwe walisubiri, ni kweli, lakini walisubiri wakicheza. Ndafu ilipotoka, mkwe mkubwa alisema hajawahi kula iliyoiva vile, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Kabla ya hapo nilikuwa nimeigeuza ile manila nikachora mishale tu, nani anamsubiri nani, kwa kazi zote zilizobaki.

Basi, mwanangu, kesho ukifika kiwandani, acha kwanza kuangalia saa. Iulize kila kazi inasubiri nini, ufuate mishale kwa kidole kabla hujawasha kitu. Ukikuta mshale umezunguka ukarudi ulikotoka, tafuta kitu kidogo kinachoweza kutangulia, ukate hapo. Kazi isiwe kijani kwa sababu mtu amesema hakuna shida. Iwe kijani pale anayefuata anapokuwa ameipokea mkononi. Na ikikwama, usianze upya, endelea kutoka ilipokwamia. Siku ile hakuna aliyesema tuchinje mbuzi mwingine.

Na yule kijana wa trekta? Ndiye baba yako. Baada ya harusi alikuja kwetu kila Jumapili, karibu mwaka mzima, eti kumsalimia kaka. Alikuwa anasubiri nimpe neno. Mimi nasubiri aseme yeye. Adabu tupu! Mpaka siku moja nikamsindikiza hadi barabarani nikamwambia, "Jumapili ijayo, niletee kuni tatu." Alizileta asubuhi na mapema, kazibeba kwapani, amevaa suti.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako na akili yako, kazi zako zipokelewe kila zinapofika, na yule unayemsubiri kimya kimya, maana najua yupo, Mungu akupe moyo wa kumpelekea kuni tatu.