Mwanangu Hauzi, Anauguza

Akina mama wa kanisani kwetu Iyula waliposikia kwamba kazi yangu ni ya barafu, walimhurumia mama. Kwao barafu ni ile ya juisi kwenye vifuko vya nailoni, inayouziwa watoto stendi ya Tunduma. Msichana kasoma mpaka ng'ambo, halafu anauza barafu! Mama akawajibu kwa ukali: "Mwanangu hauzi. Anauguza."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona hajakosea sana. Barafu ninayoitazama ni ile inayoganda juu ya bahari, kaskazini kabisa mwa dunia. Setilaiti hupita juu yake na kuipiga picha kwa rada, ambayo haizuiwi na mawingu wala giza. Mimi huchora ukingo wake ulipofika, nikaulinganisha na wa jana, kisha nikatabiri utasogea wapi, meli zisije zikanaswa. Miaka inavyokwenda, mgonjwa huyo anazidi kukonda.

Mwaka huu mama naye akakonda. Daktari alisema ini limekwisha, turudi naye nyumbani. Nikaomba kazi niifanyie kwake, nikaweka meza dirishani karibu na kitanda chake, mahali ambapo mtandao ulishika.

Kila asubuhi, shikamoo haijanitoka vizuri mdomoni, ananiwahi: "Marahaba. Mgonjwa wako ameamkaje?"

Namgeuzia kompyuta aone. "Amepungua kidogo upande huu, Mama."

"Maskini. Mwangalie vizuri."

Nikimuuliza yeye ameamkaje, jibu ni lile lile: afadhali ya jana. Mwongo mkubwa! Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani, na kila siku mifupa yake niliisikia zaidi mikononi.

Siku moja, wachumaji wa kahawa wakiwa shambani kwetu, aliniuliza utabiri wangu unaona mpaka wapi. Nikamwambia siku chache mbele naona vizuri, zaidi ya hapo nabahatisha.

"Haya, nitabirie mimi. Kahawa ya mwisho ya msimu huu nitaiona ikianikwa?"

Nikasema ataiona. Sikuwa na picha yoyote iliyonionyesha hivyo. Nilitaka iwe kweli, basi.

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Hapo umetabiri kwa moyo," alisema. "Meli za watu usizifanyie hivyo."

Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Niliichukia kazi yangu. Naona ufa kwenye barafu ya mwisho wa dunia, halafu kinachoendelea chini ya blanketi la mama yangu sikioni!

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeifunika mikahawa yote na mtandao ulikuwa mzito. Picha ilifunguka kipande kwa kipande. Nilimwamkia nikiwa nimempa mgongo, nikangoja aniwahi. Kimya. Nikadhani usingizi umemchukua, nikamwamkia tena kwa sauti zaidi. Huko shambani wachumaji walikuwa wanacheka.

Nikageuka. Mkono wake ulikuwa umeshapoa.

Nyuma yangu picha ikamaliza kufunguka. Barafu ilikuwa pale pale ilipolala jana. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya la kila siku: nikabeba kompyuta, nikamgeuzia.

"Ameamka, Mama," nikamwambia. "Mgonjwa wangu ameamka."