Kila Kona Alihamia Kulia

Mwaka niliorudi kutoka chuo kikuu cha Kampala, Mwingereza angali anatawala, nilimwonea wivu dereva mmoja wa lori kuliko nilivyopata kumwonea mtu yeyote. Tuliingia jandoni pamoja. Mimi nilikuwa na digrii na suti moja. Yeye alikuwa na darasa la nne na lori la mfanyabiashara wa Kihindi, la kushusha magunia ya korosho kutoka Newala, kupitia Masasi, hadi Nanganga. Akipiga honi sokoni, watu wazima waliacha kupimiana mihogo wakageuka kumtazama.

Hayo ningeyavumilia. Lakini palikuwa na msichana, mwalimu wa shule pale Newala, niliyekusudia kumposa kabla sijapangiwa kazi. Mimi nilimpelekea vitabu. Dereva alimletea ndizi kutoka Ndanda. Vitabu vyangu alivisoma akavirudisha, ndizi hazikurudi.

Nikaanza kupanda lori lile kila Jumamosi, nikikaa mbele kando ya dereva. Alidhani ninamkumbuka rafiki wa utotoni, na alifurahi. Kumbe nilikuwa ninamtafutia kosa. Nililipata siku ya kwanza: kila alipokata kona, lori liliacha upande wake wa kushoto likahamia kulia, wakati mwingine lote zima.

"Mbona unahama upande?" nilimwuliza.

"Hili lina mkia mrefu, msomi. Gurudumu la nyuma halifuati la mbele. Usipochukua nafasi, nyuma inaingia mtaroni."

Jibu lilikuwa na ukweli kwa zile kona kali za mteremkoni. Lakini tulipofika Nanganga, penye barabara pana na kona ambayo hata gari moshi lingeipita, alihama vilevile. Haikuwa haja tena, ilikuwa mazoea. Mimi niliyebishana na maprofesa na kuwachosha mapadre kwa maswali, siku hiyo nilinyamaza. Kosa lile lilikuwa mali yangu, sikutaka kulitoa bure.

Nililipeleka kwa msichana.

"Yule jamaa yako ataua mtu," nikamwambia. "Hawezi kukata kona bila kuingia upande wa wengine."

"Jamaa yangu tangu lini?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Umemwambia?"

"Nilimwuliza."

"Sikuuliza kama ulimwuliza. Mwambie, kaka. Mimi siendeshi lori."

Neno lile kaka lilinikera wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilipanda tena, na sikumwambia.

Ilikuwa kiangazi, na wanawake wa Newala walikuwa wakishuka hadi chini kabisa ya mteremko kufuata maji, kisha kupanda nayo kichwani nusu ya siku. Tuliingia kona ya kushoto. Kama kawaida lori likaenda kulia, na pale kulia walikuwapo wanne, wanapanda kwa mstari. Niliwaona kabla yake. Badala ya kupiga kelele nilishika mlango kwa mikono miwili.

Alikanyaga breki. Wanawake waliruka kichakani. Hakuumia mtu, ila madebe yote manne yalimwagika, na mchanga ukayanywa maji mbele ya macho yetu. Mmoja wa wanne wale, aliyekuwa akijipangusa majani kwenye kanga, alikuwa yule msichana. Shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa akimsaidia shangazi yake.

"Wewe!" shangazi alimfokea dereva. "Barabara yote hii mjomba wako amekurithisha?"

Dereva aliruka chini. "Shikamoo, mama. Nimekosa."

"Marahaba. Haya, shikamoo yako inanyweka? Tutaipikia ugali?"

Wenzake wakacheka. Msichana hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi, niliyekuwa bado nimekaa ndani ya gari.

"Ulimwambia?"

"Nilikuwa ninakusudia."

"Kuniambia nini?" aliuliza dereva.

Ikanibidi niseme mbele ya wote: kwamba anahama upande kila kona, hata pasipo na haja, na kwamba nimelijua hilo tangu Jumamosi ya kwanza. Nilitarajia abishe. Nilikuwa na hoja tayari.

"Hata pale Nanganga?" aliuliza.

"Hata Nanganga."

"Ndugu yangu," akasema, "si ungeniambia? Mimi nilidhani ninaendesha vizuri."

Kisha akaanza kushusha magunia. Lori lenye shehena lisingeweza kuupanda mteremko tena, naye alikusudia kuwapeleka kisimani, ajaze madebe kwa mkono wake na kuwarudisha hadi mlangoni kwao. Mwenye mali atamfukuza, nilimwonya. Alisema hilo atalijua kesho. Mtu wa kulinda korosho alihitajika, na hakuna aliyeuliza ni nani. Wanawake watatu walipanda nyuma. Msichana alipanda mbele, kwenye kiti changu, akafunga mlango mwenyewe.

Nilikaa juu ya gunia nikilitazama lori likishuka. Kutoka pale juu kona tatu zilionekana wazi. Ya kwanza alipiga honi, akapita kushoto, polepole. Ya pili vilevile. Alikuwa ameambiwa mara moja tu, na mwenye kumwambia nilikuwa mimi. Kwenye kona ya tatu nilisimama juu ya gunia ili nione vizuri, na moyoni nikaomba lihame, hata hatua moja. Halikuhama.