Tonge la Mama Aliye Hai

Mwaka ule Sreyroth, binti wa miaka kumi na mitano, alitaka kitu kimoja tu: sikukuu ya wafu imkute kwao, akimsaidia mama yake kupika wali wa kuitupia mizimu kabla jua halijachomoza. Lakini kwenye kituo kile cha yatima, nje kidogo ya mji wa Battambang, mtoto mwenye mama hakuwa na nafasi. Mama yake na mkuu wa kituo, Mama Phally, walishapatana tangu mwanzo: mtoto asome, mama ahesabiwe marehemu.

Kila Ijumaa vijana walikaa duara na dada Malis, mshauri mgeni kutoka mjini, wakatoa ya moyoni. Ijumaa ile alikuja na sufuria la wali wa kunata uliochanganywa na ufuta.

"Kila mmoja afinyange tonge, amtaje mzazi wake aliyefariki, halafu alitupe bustanini," alisema. "Huzuni ikitoka, moyo unapumua."

"Mchana kweupe hivi, dada?" akadakia Vireak, mtani wao. "Mizimu inaogopa jua! Watakaoshiba hapa ni kuku wa Mama Phally."

Wakaangua kicheko, Malis naye asijizuie. Ila Vireak alipofika kumtaja baba yake, alilishika tonge kwa mikono miwili kabla ya kulitupa, na hakuna aliyemcheka.

Zamu ikamfikia Sreyroth. Wali ulimnata vidoleni. Kumtupia tonge mtu aliye hai, si ndiko kumchimbia kaburi?

"Mimi siwezi, dada. Mama yangu yu hai. Anauza samaki wa chumvi sokoni Pursat."

Macho yakamtoka Malis, kisha yakang'aa. Hatimaye jipu limepasuka! "Namba yake unayo?"

Sreyroth alikuwa nayo kichwani. Malis akapiga, akafungua sauti ili duara zima lisikie.

"Haloo?" Nyuma yake soko lilikuwa likivuma, na kisu kikigonga ubao. Sreyroth akajikuta anatabasamu. Sauti ni ileile!

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kituo cha watoto. Niko na binti yako, Sreyroth. Anaomba aje nyumbani sikukuu."

Kisu kikanyamaza.

"Umekosea namba, mwanangu," ile sauti ikasema polepole. "Mama wa huyo mtoto alishakufa. Alishakufa, nakwambia. Msije mkamtoa shule."

Simu ikakatika.

Malis alikohoa, akauliza swali lake la kila Ijumaa: "Sreyroth, unajisikiaje?"

Sreyroth alilitazama tonge lake, limeshaanza kukauka juu. Mwenyewe kasema. Alinyanyuka, akaenda mpaka ukingo wa bustani, akamtaja mama yake kwa jina kamili, Khieu Sophorn, akalitupa.

Kuku wakaja mbio.