Walisikia "transfert" wakaanza kunililia: FIV yangu kutoka Bunia mupaka Kampala

Wakuu, na ba mama wote wenye munasomaka humu bila kuandika kitu, nawasalimu. Niko Bunia, Mudzipela. Ninaandika na hasira, munisamehe. Chumvi sitaongeza, ju hii habari iko chungu vile iko.

Siye na bwana yangu Dieudo tulioana zamani, mutoto hakuna. Hapa kwetu mwanamuke akizaa anaitwa Mama Fulani. Mimi ningali "bibi ya Dieudo", ata kwa soko.

Tulipima, wote wawili. Docteur alisema wazi: mimi niko sawa, mbegu za Dieudo ni chache na hazina nguvu. Kutoka pale, Dieudo akaniomba nisiambie mutu. Nikafunga mudomo. Mama yake akaendelea kuniletea dawa ya miti, na mimi nikaendelea kukunywa. Muone hiyo wazimu: mwenye tatizo anakula sombe yake, muzima ndiye anakunywa dawa.

Basi tukachagua FIV. Kwa wenye hawajui: wanatoa mayai ya mwanamuke, wanaiunganisha na mbegu ya bwana mu laboratoire, halafu ile mimba changa, embryon, wanairudisha mu tumbo. Dieudo akauzisha ngombe, akadanganya kwao ni ya biashara, tukashika njia ya Mahagi mupaka Kampala.

Sasa musikilize vizuri, ju mimi hakuna mwenye aliniambia mbele.

Sindano iko ya kila siku, chini ya kitovu, na utajidunga weye mwenyewe. Siku ya kwanza nililia. Tumbo inavimba, kitenge haifungi vizuri, na hasira inapanda bila sababu. Yangu ilikuwa na sababu. Kila mara unarudi kwa eko, ile mashini ya kuonyesha ndani ya tumbo, waangalie kama mayai inakomaa.

Siku ya kutoa mayai wanakulalisha. Ukiamuka, ni maumivu sawa ya siku zako, lakini zaidi.

Na musifikiri kila yai inakuwa mutoto. Ya kwangu ilikuwa mingi, yenye ilifika mwisho ni embryon mbili tu. Moya wairudishe, ingine waiweke mu baridi.

Kurudisha kwenyewe hakuumi. Wanapitisha kamupira kembamba, kisha wanakuambia vaa nguo. Ile kazi wanaiita transfert.

Hapo ndipo balaa ilianzia.

Dieudo, kwa furaha, akaandika kwa WhatsApp ya famille yao: "Transfert ni kesho. Mutuombee."

Jamani! Siye watu wa Congo transfert tunaijua ni gani? Ni ile ya mugonjwa mwenye hospitali moya imemushindwa, wanamusukuma kwa ingine kubwa. Wakasema bibi ya Dieudo anakufa Kampala. Pasteur akatangaza mu ibada. Watu wakajaa kwa mama mukwe kule Bunia, mutaa ya Lumumba, na viti, na nyimbo.

Mimi nimelala, nimeambiwa nitulie, simu inalia tu. Shangazi moya wa Dieudo akaniomba nimusamehe mbele ya kufa. Nimusamehe nini? Sijui mupaka leo.

Dieudo akashindwa, akaeleza nusu ya ukweli: si ugonjwa, ni transfert ya embryon. Nusu, munasikia? Ya kwangu aliisema, yake akaificha. Basi maombi ikageuka maulizo. Mbegu ni ya nani? Ni mutoto wa chupa? Ukoo itamupa jina ao hapana?

Wakuu, kungojea ni kubaya kuliko sindano. Kila mara ukienda choo unaenda na woga. Mbele ya siku ya kipimo ya mimba, nikaona damu. Kipimo ikasema tu ile nilikuwa nimeshajua. Docteur akasema hakuna kitu tulikosea. Nililia mupaka sauti ikakauka.

Tukarudi Bunia. Mama mukwe akatuita. Wifi zangu walikuwa pale, na ba mama wawili wa kanisa. Hakuniuliza kama nimepumzika. Akasema kwa upole, na ule upole ndio uliniuma: "Binti yangu, ata kuwekewa, tumbo yako imekataa. Acha Dieudo atafute mwenye kuzaa."

Nikamuangalia Dieudo. Alikuwa anaangalia viatu yake.

Nikasema: "Mama, transfert mulitangaza kanisani. Basi siku ya Mungu mutangaze na hii: mimi niko muzima. Mbegu ya mutoto wenu ndiyo haina nguvu."

Mama akamugeukia: "Dieudo, ni bongo? Anatudanganya?"

Nikasimama niende, ndipo Dieudo akasema:

"Si bongo, Mama. Ni mimi."

Tangu siku ile dawa ya miti haifiki kwangu tena. Kwa Dieudo pia haifiki. Ajabu, eh? Kumbe ilikuwa ya wanawake tu.

Yenye nilijifunza: FIV inaweza kukataa, na ikikataa usitafute mukosefu. Lakini mupime wawili, na majibu museme wawili, mbele ya kupanda gari. Na kama munaomba maombi, museme wazi munaombea nini.

Embryon yetu ya pili ingali kule mu baridi. Nilimuambia Dieudo nitarudi Kampala, lakini safari hii ataenda kuaga kwao mwenyewe, aseme kwa mudomo yake kwamba ni yeye anaenda kutibiwa.

Wenye mulipita njia hii, andikeni, ata kama ni kunigombeza. Nitasoma yote. Dieudo amevaa viatu saa hii, ameenda Lumumba kwa mama yake kuaga, na mimi niko hapa ninamungojea.